Nimeumia sehemu nne za mwili, hati ya fidia inataja moja

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, baba wa watoto watatu, na nimefanya kazi ya ghalani kwa miaka 9. Miezi 14 iliyopita, nilipokuwa nikipanga mizigo kwenye rafu za juu, ngazi niliyopewa iliteleza nami nikaanguka kutoka kimo cha karibu mita 3. Niliangukia mkono wa kulia, kisha kiuno kikagonga ukingo wa sanduku la mbao. Hospitalini walikuta kifundo cha mkono kimevunjika, nikafanyiwa upasuaji na kuwekewa bamba la chuma na skrubu. Maumivu ya kiuno niliyataja siku ile ile, lakini kwa kuwa mkono ndio uliokuwa umepinda mbele ya macho ya kila mtu, fomu ya ajali aliyoijaza msimamizi wangu iliandikwa “kuvunjika mkono” na hakuna kingine.

Miezi iliyofuata mambo yaliongezeka. Maumivu ya kiuno yalianza kushuka hadi mguu wa kushoto, wayo ukawa unapata ganzi, na kipimo cha MRI kilionyesha kwamba diski ya uti wa mgongo imetokeza na inabana neva. Kwa sababu mkono wa kulia haukuweza kunyanyua hata ndoo ya maji, kazi zote nilizihamishia mkono wa kushoto, na sasa bega la kushoto haliinuki kupita usawa wa kifua. Juu ya hayo, usingizi umenihama. Nikifumba macho najiona ninaanguka, moyo unakwenda mbio, na mke wangu anasema nimekuwa mtu wa hasira ambaye yeye hamjui.

Wiki iliyopita kampuni ya bima ya mwajiri iliniletea hati ya makubaliano ya fidia. Daktari aliyechaguliwa na kampuni hiyo alikuwa amenipima kwa muda mfupi, akautazama mkono tu, na akaandika kwamba nina “ulemavu wa kudumu wa asilimia 10”. Hati inataja kifundo cha mkono peke yake, lakini kipengele cha mwisho kinasema kwamba nikipokea malipo hayo ya mkupuo mmoja nitakuwa nimemaliza “madai yote yanayotokana na ajali hii, yanayojulikana na yasiyojulikana”. Nimepewa siku 14, na ofisa aliyeileta aliniambia kwa upole kwamba nikichelewa huenda hata hicho nikakikosa.

Mke wangu angependa nitie saini, kwa kuwa tuna madeni na malipo ninayopata sasa ni sehemu tu ya mshahara wangu. Kaka yangu anasema nisiguse kalamu. Je, majeraha mengine yana haki ya kulipwa ikiwa hayamo kwenye fomu ya kwanza? Na mtu aliyeumia sehemu nyingi hukadiriwaje: hujumlishiwa, au hulipwa kwa lile kubwa tu?

Mimi msomaji wako niliyeumia kazini.

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Pole ya mkono, pole ya mgongo, na pole zaidi ya usiku usiolala, kwa sababu hilo la mwisho watu wengi hulitaja kwa aibu mwishoni mwa barua kana kwamba si sehemu ya ajali, ilhali ni sehemu yake kamili.

Nianze na jibu lenyewe, maana siku zako zinahesabika. Usitie saini hati hiyo kama ilivyo. Inalipa kifundo cha mkono na inanunua mwili mzima. Maneno “yanayojulikana na yasiyojulikana” yana maana ile ile inayosomeka: ikiwa mwaka ujao utahitaji upasuaji wa mgongo, kampuni ya bima itatoa karatasi yenye saini yako na kusema kwamba mgongo ulikwisha kulipwa, ingawa hakuna mahali popote ulipotajwa. Mara nyingi makubaliano ya namna hii yakishaidhinishwa huwa vigumu mno kuyafungua tena, na majuto ya aliyesaini kwa shida ya fedha kwa kawaida hayatoshi kuyatengua.

Sasa nije kwenye swali lako kuhusu fomu ya kwanza. Fomu ya ajali ni ushahidi, na ni ushahidi mzito, lakini haifungi mlango. Kilichoandikwa na msimamizi saa chache baada ya ajali ni kile alichokiona, na yeye si daktari. Swali ambalo mamlaka ya fidia huuliza ni kama jeraha limetokana na ajali au na kazi, na hilo huthibitishwa kwa kumbukumbu za matibabu. Hapo ndipo una jambo muhimu ambalo pengine hujalithamini: unasema uliyataja maumivu ya kiuno siku ile ile. Nenda hospitali ukaombe nakala ya faili lako tangu siku ya kwanza, pamoja na maandishi ya wauguzi na ya aliyekupokea, kwa maana mara nyingi muuguzi huandika “mgonjwa analalamika kiuno” wakati daktari wa upasuaji ameshughulika na mfupa tu. Mstari mmoja wa aina hiyo, wenye tarehe ya ajali, una uzito kuliko maelezo marefu utakayoyaandika leo. Kisha toa taarifa ya maandishi kwa mwajiri na kwa kampuni ya bima ukitaja kila sehemu iliyoumia kwa jina lake, na usingoje, kwa sababu sheria za fidia huweka muda wa kutoa taarifa na muda wa kudai, na jeraha lililoongezwa baadaye linaweza kupingwa kwa sababu ya kuchelewa tu.

Bega la kushoto ni habari nyingine, na naomba ulielewe vizuri kwa kuwa ndilo watakalolikataa kwanza. Watasema hukuliangukia, na watakuwa wamesema kweli. Hata hivyo, sheria nyingi za fidia hutambua jeraha la matokeo, yaani lile ambalo ajali haikulisababisha moja kwa moja bali limezaliwa na jeraha la kwanza au na matibabu yake. Anayechechemea kwa kifundo cha mguu huharibu nyonga. Anayemeza dawa za maumivu kwa miezi mingi huweza kupata vidonda vya tumbo. Aliyenyimwa mkono mmoja huutwika mwingine mizigo ya mikono miwili. Ili dai la namna hii lisimame, daktari anayekutibu anapaswa kuandika uhusiano wa sababu kwa uwazi: kwamba bega la kushoto limeumia kutokana na kutumika kupita kiasi katika kipindi ambacho mkono wa kulia haukuweza kazi. Cheti kinachosema tu “maumivu ya bega” hakitakusaidia, kwa sababu kinaeleza ugonjwa bila kueleza ulikotoka. Vivyo hivyo kuhusu usingizi, ndoto za kuanguka na hasira: muone daktari wa afya ya akili, kwanza kwa ajili yako na ya nyumba yako, na pili kwa sababu bila uchunguzi wa mtaalamu jambo hilo halitahesabiwa kabisa. Baadhi ya sheria ni ngumu kwa madhara ya akili, lakini hupokea kwa urahisi zaidi yale yaliyofuatana na jeraha la mwili, kama yako.

Umeuliza kama majeraha hujumlishwa au hulipwa lile kubwa tu. Kwa kawaida si hili wala lile, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo fedha nyingi hupotelea.

Kabla ya hesabu yoyote, muulize daktari yule wa bima swali moja: asilimia 10 ya nini? Ya kiganja, ya mkono wote, au ya mwili mzima? Tofauti ni kubwa. Katika mwongozo wa tathmini wa Chama cha Madaktari cha Marekani, unaotumika katika majimbo mengi ya huko na katika baadhi ya nchi nyingine, mkono wote tangu begani hadi vidoleni huhesabiwa kuwa asilimia 60 ya mwili, na mguu wote asilimia 40. Kwa hiyo asilimia 10 ya mkono ni asilimia 6 tu ya mwili mzima. Ripoti isiyosema ni asilimia ya nini haijakamilika, nawe una haki ya kudai ikamilishwe kwa maandishi.

Majeraha yakishawekwa yote katika kipimo kimoja cha mwili mzima, mwongozo huo huyaunganisha kwa kanuni inayoanza na lile kubwa na kulichukua la pili kama sehemu ya uwezo uliobaki. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mgongo umekadiriwa asilimia 20, bega 10 na kifundo 6. Mgongo ukichukua 20, imebaki 80. Asilimia 10 ya 80 ni 8, na jumla inakuwa 28. Imebaki 72, na asilimia 6 ya hiyo ni karibu 4.3. Matokeo ni asilimia 32. Hayakufikia 36, ambayo ndiyo jumla ya kawaida, kwa kuwa kanuni hii imekusudiwa kuzuia mtu kupita asilimia 100 ya mwili wake. Lakini linganisha hiyo 32 na 6, ambayo ndiyo ile 10 ya hati yako ikiwa ni ya mkono wote, uone ni kitu gani unaombwa ukiachie kwa saini moja. Zipo sheria ambazo hujumlisha moja kwa moja hadi kikomo cha 100, na zipo zenye jedwali la viungo ambapo kila kiungo kina idadi yake ya wiki au miezi ya mshahara, na majeraha yasiyo na nafasi katika jedwali, mgongo ukiwa mfano maarufu, hukadiriwa kwa njia nyingine. Ndiyo maana uliza kwanza sheria inayokuhusu inatumia njia ipi, na umwombe atakayekukadiria aonyeshe hesabu yake hatua kwa hatua.

Kuna jambo moja ambalo kanuni hiyo, kwa maoni yangu, hailitendei haki. Inachukulia kwamba jeraha la pili siku zote hupunguza kidogo kuliko lingepunguza peke yake. Mwili haufanyi kazi hivyo. Aliyeumia mkono mmoja husaidiwa na mwingine. Aliyeumia yote miwili hana wa kumsaidia. Majedwali mengi yenyewe yanakiri hili, kwani humpa aliyepoteza mikono yote miwili au macho yote mawili ulemavu kamili wa asilimia 100, ingawa jicho moja peke yake halifiki hata nusu ya hapo. Wewe kifundo kilichoumia ni cha kulia na bega lililoumia ni la kushoto, na kiuno kiko katikati. Hakuna upande wa kuegemea. Mwombe daktari wako aeleze hali hiyo kwa maneno pamoja na tarakimu: kwamba huwezi kunyanyua kwa kulia, huwezi kufikia juu kwa kushoto, huwezi kuinama wala kusimama kwa muda mrefu, na kwamba mambo haya matatu kwa pamoja yanaiondoa kazi ya ghalani mikononi mwako. Upungufu wa kiungo ni kipimo cha daktari. Upungufu wa uwezo wa kujipatia riziki ni jambo pana zaidi, linalotazama umri, elimu na kazi uliyoizoea, na pale ambapo sheria inaruhusu lizingatiwe, huweza kubadili fidia kuliko asilimia yoyote.

Lipo pia suala la wakati. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa baada ya hali ya mgonjwa kutulia, yaani pale ambapo matibabu zaidi hayatarajiwi kuleta badiliko kubwa. Mtu mwenye jeraha moja huwa na siku moja ya kutulia. Mwenye majeraha manne huwa na siku nne. Mfupa wa kifundo huunga katika muda wa wiki kadhaa, na baada ya miezi 14 yamkini umetulia. Neva hazina haraka hiyo: nyuzi za neva iliyoumia sana huota upya kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kwenye wayo ni karibu mita nzima, kwa hiyo ganzi ya mguu haihukumiwi kwa miezi michache. Bega lako, kama nimekuelewa, halijapata hata matibabu ya kutosha. Kufunga dai zima kwa sababu mkono umepona ni kumlipa mtu kwa siku ya kwanza kati ya nne. Ikiwa kampuni ya bima inataka kweli kumaliza habari ya kifundo sasa, inaweza kufanya makubaliano yanayotaja kifundo peke yake na kuacha wazi mgongo, bega na afya ya akili, pale ambapo sheria inakubali kugawanya dai namna hiyo. Pendekeza hivyo. Jibu lao litakuonyesha wanachokitaka.

Kuhusu malipo ya mkupuo, nakusihi uyapime kwa utulivu. Mkataba namba 17 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1925, uliweka msingi kwamba mwenye ulemavu wa kudumu alipwe kwa vipindi, na kwamba mkupuo utolewe pale tu mamlaka husika inaporidhika kuwa utatumika ipasavyo. Mkataba namba 121 wa mwaka 1964 ulikwenda mbali zaidi kwa kusema kwamba kubadili malipo ya vipindi kuwa mkupuo kuwe kwa hali za pekee, kwa ridhaa ya aliyeumia, na kiasi chake kilingane na thamani halisi ya malipo ambayo angeyapata. Waliotunga kanuni hizo waliyajua yaliyomo ndani ya barua yako: madeni humsogeza mtu kwenye kalamu, na fedha ikishalipa madeni, maumivu hubaki bila mlipaji. Ukikubali mkupuo siku moja, hakikisha gharama za matibabu ya baadaye ama zimeachwa wazi kuendelea kulipwa, ama zimekadiriwa na kuandikwa kama kiasi kinachojitegemea. Bamba lile la chuma huenda likahitaji kuondolewa, na kifundo kilichovunjika ndani ya kiungio huweza kupata baridi yabisi miaka mingi baadaye.

Tazama vilevile msingi wa mshahara uliotumika. Kama ulikuwa na saa za ziada za kila wiki au posho ya kudumu, uliza kama zimeingizwa, kwa sababu kosa katika msingi huzidishwa na kila asilimia inayofuata. Tazama kama hati ina kipengele cha kujiuzulu. Tazama kama inawaachilia pia watu wengine wasio mwajiri wako. Ngazi iliyoteleza ilitengenezwa na mtu, na ikiwa ilikuwa mbovu kiwandani, unaweza kuwa na dai tofauti dhidi ya mtengenezaji, dai ambalo kipengele kipana cha kuachilia kinaweza kulizika.

Mke wako usimwone kwamba anakosea. Yeye ndiye anayeona mfuko ukiisha kabla ya mwezi, na hofu yake ni ya kweli. Mweleze kwamba kukataa hati hii si kukataa fidia. Fidia ya ulemavu uliokwisha kukadiriwa ni yako kwa mujibu wa sheria, na katika mifumo mingi unaweza kuomba ulipwe kwanza sehemu isiyobishaniwa huku sehemu nyingine ikiendelea kuchunguzwa. Malipo ya muda unayopata nayo hayapaswi kukatwa eti kwa sababu umekataa pendekezo. Yule ofisa alipokuambia huenda ukakosa kila kitu, alikuwa akizungumzia pendekezo la kampuni yake. Haki yako ina muda wake uliowekwa na sheria, na muda huo haupangwi na kampuni ya bima. Tarehe hiyo ya kisheria ndiyo ya kuijua na kuiogopa, kwa hiyo iulize ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi wiki hii hii. Ukipata wakili wa masuala ya kazi, mwulize tangu mwanzo ada yake ni kiasi gani na kama inakatwa kwenye fidia.

Kwa sasa, kabla siku 14 hazijaisha, iandikie kampuni ya bima barua fupi ya heshima. Sema umepokea hati, na kwamba huwezi kuisaini kwa sababu haikutaja kiuno pamoja na neva ya mguu wa kushoto, bega la kushoto wala madhara ya kiakili, yote yakitokana na ajali ile ile, na uitaje tarehe yake. Omba tathmini mpya ya mwili mzima ifanywe na daktari asiye wa upande wowote baada ya kila jeraha kutulia, omba nakala kamili ya ripoti ya daktari wao, na omba muda uongezwe kwa maandishi. Peleka nakala kwa mwajiri na kwa mamlaka ya fidia, pata muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na uihifadhi pamoja na faili la hospitali. Kisha niandikie tena uniambie daktari amesema nini kuhusu bega.